Utasa si hatia ya mwanamke

Katika jamii zetu nyingi, ndoa ikipitisha miaka miwili bila mtoto, macho yote humgeukia mke. Ataitwa tasa, atazungushwa kwa waganga na huenda hata akarudishwa kwao, hali mume hajapimwa hata mara moja. Ilhali madaktari wamekwisha kubainisha kwamba katika takriban nusu ya visa hivyo, kasoro ya mume nayo huchangia.

Sasa elimu ya viumbe inatupa sababu nyingine ya kuyaacha mazoea hayo. Tangu Henry Tissier wa Taasisi ya Pasteur, Paris, aliposhikilia mwaka wa 1900 kwamba mtoto tumboni huishi mahali pasipo viini, vizazi vya wanafunzi vimefunzwa kuwa mji wa mimba hauna bakteria. Mwaka wa 2016, watafiti wa Uhispania, Inmaculada Moreno na Carlos Simón wakiwamo, waliwachunguza wanawake 35 waliokuwa wakitungishiwa mimba maabarani. Miongoni mwa waliokuwa na laktobasila zaidi ya asilimia 90 ya bakteria wote wa mji wa mimba, viinitete vilijishikiza kwa asilimia 60.7. Kwa wenzao ilikuwa asilimia 23.1 tu.

Laktobasila ni jamaa za bakteria wanaogandisha mala na mursik. Hutoa asidi inayowazuia viini waharibifu. Inakisiwa kwamba waharibifu hao wakizidi, ukuta wa mji wa mimba huwashwa na uvimbe, nacho kiinitete, ambacho hujishikiza kati ya siku ya sita na ya kumi baada ya yai kurutubishwa, hukosa pa kushika.

Hata hivyo, tusiwe wepesi wa kushangilia. Wanawake 35 ni wachache. Utafiti wa mwaka wa 2022 uliohusisha wanawake 342 kutoka mabara matatu uliunga mkono jambo hilo, lakini kuandamana kwa mambo mawili si ithibati kwamba moja limezaa jingine. Aidha, sampuli hupitishwa ukeni, penye bakteria tele, na yamkini huchafuliwa njiani.

Katika pengo hilo ndimo walaghai hujipenyeza. Wauzao dawa za "kusafisha kizazi" huwahadaa wanawake waliokata tamaa, kumbe kujiosha ndani ya uke kwa sabuni na dawa huwavuruga wale wale bakteria walinzi.

Hapa ndipo mwalimu wa bayolojia anapohitajika. Naamfunze mwanafunzi kwamba si kila bakteria ni adui, kwamba vitabu husahihishwa ushahidi unapobadilika, na kwamba uzazi ni jambo la wawili. Mvulana aelewaye hayo leo hatamfukuza mkewe kesho. Msichana aelewaye hayo hatanunua aibu kwa fedha zake. Usilolijua ni usiku wa giza, na shule ndiyo yenye taa.