Mastaa wa Dar, Ugali wa Uluguru Una Adabu Zake

Tangu treni ya SGR ianze kubeba abiria kati ya Dar na Moro mwezi Juni 2024, mji kasoro bahari umekuwa kama mtaa wa pili. Asubuhi mastaa wako Dar, mchana wako Morningside wanapiga picha na ukungu wa Uluguru. Hilo halina shida. Shida inaanza chakula kikifika.

Wadau wameshazoea kuviona vile video. Mama wa Kiluguru kaandaa ugali, maharage na mboga za majani. Binti anakuja na jagi na beseni kuwanawisha wageni. Staa hata hageuki, yuko laivu. Mwingine anainamia bakuli, ananusa, anakunja pua mbele ya kamera, eti "hii nini sasa?" Wafuasi wanacheka. Mwenyeji anatabasamu tu, maana mgeni hafukuzwi.

Cha ajabu, Mzungu aliyepanda mlima huohuo mara nyingi ana adabu kuliko wao. Sio kwamba ana roho nzuri zaidi. Anayemwongoza kamwambia mapema: subiri wazee wanawe kwanza, kula kwa mkono wa kulia, mega tonge upande wako, usinuse chakula, ukimaliza sema asante kwa chakula. Staa wetu hana wa kumwambia, kwa sababu anaamini yuko nyumbani. Mtu anaweza kuwa Mtanzania halisi na bado akawa mgeni kwenye mkeka wa watu.

Wapo watakaosema hayo ni mambo ya kizamani, na kwamba kijiji nacho kinapata kiki. Kiki gani hiyo? Mboga zile mama angeweza kuzijaza kwenye tenga, akashuka nazo kichwani mpaka Soko Kuu la Chifu Kingalu, akarudi na hela. Kaamua kuwapikia wageni. Halafu kwa Waluguru ukoo unafuata upande wa mama, na ardhi ya ukoo hurithiwa hukohuko. Kwa hiyo huyo anayechekwa mbele ya maelfu ya watu huenda ndiye mwenye shamba ambalo staa kasimama akipiga selfie.

Hakuna anayelazimishwa kumaliza sahani. Kama tumbo limegoma, onja hata tonge moja, sema umeshiba, shukuru. Picha nazo zipigwe tu, ila baada ya kumwomba mwenyeji, na baada ya kunawa. Haigharimu hata shilingi. Staa anayeweza kukaa saa nzima akipakwa poda kabla ya kurekodi hawezi kushindwa kusubiri dakika mbili babu anawe.

Wadau mnasemaje, tunawadai mastaa makubwa mno, au wengine malezi waliyaacha stesheni?