Sikio la Mtoto na Sikio la Mama



Familia nyingi zilizotoka Pwani kutafuta riziki zimefanya maskani Kitengela na Kajiado. Huko si kila nyumba iliyo karibu na chuo cha Kurani kama tulivyozoea Mombasa na Lamu. Basi tangu skuli zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya Korona, wazazi wengi wamezoea watoto wao wasomeshwe kwa kompyuta, mwalimu akiwa Pwani na mwanafunzi sebuleni kwao. Mama mmoja wa Kitengela ameniuliza: hedifoni ya USB nimekwisha kuichomeka, mbona mwalimu alalamika hamsikii mtoto vizuri?

Jibu ni hili. Hedifoni ya tundu la duara hutumia mitambo ya sauti iliyomo ndani ya kompyuta. Ya USB imebeba mitambo yake yenyewe, kwa hiyo kompyuta huihesabu kuwa chombo kingine, kando ya spika na maikrofoni yake ya asili. Kuichomeka pekee huenda kusitoshe, yapasa kuichagua. Fungua mipangilio ya sauti, uchague jina la hedifoni mara mbili: mahali pa kutolea sauti, na mahali pa kuingizia. Kisha utazame ndani ya programu ya somo, kama vile Zoom, kwani nayo ina mipangilio yake. Wengi hukwama hapo: mtoto amsikia mwalimu masikioni, ilhali sauti yake mwenyewe bado yachukuliwa na maikrofoni ya kompyuta, pamoja na televisheni na malori ya barabara ya Namanga. Tazama pia kitufe cha waya, kisiwe kimezima maikrofoni.

Jambo hili si dogo. Kurani hupokewa kwa talaqqi: mwalimu hutamka, mwanafunzi husikia, kisha hurudisha na kusahihishwa. Maikrofoni iliyo mbali hufifisha herufi nyembamba, hata mwalimu asitambue kama mtoto ametamka sini au tha. Makosa yasiyosikika hayasahihishwi, na mtoto hukua nayo. Iweke maikrofoni kwenye pembe ya mdomo, kwa umbali wa vidole viwili, isipigwe na pumzi. Na ikiwa ghunna na madda zinakatika, huenda programu imeidhania sauti ndefu kuwa ni kelele ikaifuta. Zoom ina chaguo la kupeleka sauti kama ilivyo.

Sasa tuje kwenye amana. Sikio la mtoto ni amana ya kwanza. Shirika la Afya Duniani limeshauri mtoto asizidi sauti ya desibeli 75 kwa saa 40 kwa wiki. Nyumbani hatuna kipimo, lakini alama ipo: ukimwita mtoto kwa sauti ya kawaida, nawe uko hatua moja tu kutoka kwake, asikusikie, basi punguza.

Amana ya pili ni nzito zaidi. Chuoni watoto husoma kwa sauti, na kila apitaye dirishani husikia mwalimu asemavyo. Hedifoni imelifunga dirisha hilo. Mama husikia mtoto akijibu, wala hajui ameulizwa nini. Sisemi haya kuwatuhumu walimu. Wengi wao ni watu wa kheri. Lakini faragha baina ya mtoto na mtu mzima haijapata kuwa katika adabu za chuo, na kompyuta haikuja kuihalalisha.

Kwa hivyo, kompyuta na ikae sebuleni, skrini yake ikiwaelekea watu wa nyumbani, wala isiingizwe chumba cha kulala. Mwambieni mwalimu tangu siku ya kwanza kwamba mara kwa mara mtaichomoa hedifoni ili nyumba nzima isikilize kwa spika. Mwalimu mwema atafurahi kupata wasikilizaji. Na somo likiisha, mtoto akae mbele ya mama yake au baba yake, pasi na chombo chochote, asome alichofundishwa siku ile. Hata mzazi asiyejua tajwidi atajua kama mwanawe amesoma kwa furaha au kwa hofu.

Mola atuhifadhie watoto wetu, na awajaze kheri walimu wao. Wallahu aalam.