Mshauri wa Kariakoo: Barua ya Wazi kwa PURA

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Mamlaka ya Udhibiti Mkondo wa Juu wa Petroli (PURA)

YAH: ANKARA ZA USHAURI KATIKA GHARAMA ZA GESI

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

Nikiwa na miaka minne katika idara ya hesabu ya kampuni moja ya kigeni iliyokuwa ikihudumia visima vya gesi, ililetwa mezani kwangu ankara ya mistari mitatu. Mstari wa kwanza ulikuwa jina la kampuni ya hapa nchini. Wa pili uliandikwa: huduma za ushauri, mahusiano na wadau. Wa tatu ulikuwa kiasi, na kiasi chenyewe kilizidi mshahara wangu wa miaka kumi. Saini za wakubwa wawili zilikuwa zimeshawekwa, ikabaki yangu. Niliuliza kama kuna ripoti ya kazi iliyofanyika. Nikajibiwa kwamba huyu mzee ndiye anayetufungulia milango. Nikasaini.

Miezi kadhaa baadaye nilikwenda Kariakoo kwa shughuli zangu, nikapita mtaa ulioandikwa kwenye ankara ile. Nyumba ilikuwepo. Chini palikuwa na duka la vitenge, juu waliishi wapangaji. Mama mwenye duka alikuwa hapo kwa miaka kumi na miwili na hakuwahi kulisikia jina la kampuni niliyomtajia. Tangu siku ile nimeibeba saini yangu moyoni, na ndiyo inayoniandikisha barua hii.

Nimeielekeza kwenu, na sikuipeleka TAKUKURU, kwa sababu wao huitwa moshi ukishaonekana. Ninyi mmekaa mahali ambapo ankara kama ile hupita kabla haijageuka kuwa deni la taifa. Sheria ya Petroli ya mwaka 2015, iliyowaanzisha, imewakabidhi ukaguzi wa gharama za wakandarasi. Wasomaji wengi wa barua hii huenda hawajui kazi hiyo ina uzito gani, hivyo naomba niieleze kidogo.

Katika mkataba wa kugawana uzalishaji, kampuni huingia baharini kwa fedha zake. Hulipia meli ya utafiti, mtambo wa kuchorongea, wataalamu, hoteli, helikopta. Gesi ikianza kuuzwa, sehemu yake hutengwa kwanza kumrudishia mwekezaji gharama alizotumia. Kinachosalia ndicho kinachogawanywa kati yake na Serikali. Kwa hiyo kila shilingi inayoandikwa kwenye daftari la gharama hutangulia kutoka kabla ya fungu letu kupimwa. Mkandarasi akimlipa mtu hongo ya dola milioni moja, kisha akaiandika kuwa ushauri, na mkaguzi akaipitisha, milioni hiyo itarudishwa kwa gesi yetu wenyewe. Aliyeshawishiwa amekula, aliyeshawishi amerudishiwa fedha yake, na anayelipa ni mwananchi wa Msimbati na Songo Songo ambaye hakualikwa kwenye kikao chochote.

Makampuni makubwa ya nishati karibu yote yana mpango wa kuzuia rushwa. Ofisini kwetu tulikiita kitengo chake komplayansi. Kilikuwa na kijitabu kizuri chenye picha, mafunzo ya kila mwaka kwenye kompyuta na cheti mwishoni. Mimi nilikuwa nacho cheti hicho siku niliposaini. Hivyo nikisikia mwekezaji akisema ana mpango, huwa nauliza swali moja: nani ndani ya kampuni hiyo anaweza kuzuia malipo ambayo bosi wa nchi ameshayakubali, na kesho yake akaendelea kuwa na kazi?

Kisa cha Statoil kinaonyesha uzito wa swali hilo. Juni 2002 kampuni hiyo ya Norway ilisaini mkataba na kampuni ndogo ya ushauri iitwayo Horton Investments, dola milioni 15.2 kwa miaka kumi na mmoja. Lengo lilikuwa kupata nafasi katika mafuta na gesi ya Iran. Nyuma ya ushauri huo alikuwepo mtoto wa rais wa zamani wa nchi hiyo, ambaye mwenyewe alikuwa na wadhifa katika kampuni tanzu ya shirika la mafuta la serikali. Wakaguzi wa ndani wa Statoil waliugundua mkataba huo mapema 2003. Kazi yao waliifanya. Lakini hadi gazeti la Dagens Næringsliv lilipoliweka jambo hadharani Septemba mwaka ule, dola milioni 5.2 zilikwishalipwa na mkataba ulikuwa bado haujavunjwa. Mwenyekiti wa bodi aliondoka, mtendaji mkuu Olav Fjell akaondoka, na mkuu wa shughuli za kimataifa naye pia. Norway iliitoza kampuni kroner milioni 20 mwaka 2004. Oktoba 2006 Marekani nayo ikaibana kwa sheria yake ya 1977 inayokataza kuwahonga maofisa wa nchi za kigeni, hesabu ikafikia dola milioni 21, pamoja na sharti la kuwekewa msimamizi huru wa kutazama mpango wake wa kuzuia rushwa.

Kampuni hiyo leo inaitwa Equinor. Mwaka 2007, muda mfupi tu baada ya adhabu ile, ilisaini na Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania (TPDC) mkataba wa Kitalu namba 2, ambacho gesi yake ndiyo sehemu kubwa ya matumaini ya mtambo wa kusindika gesi unaopangwa kujengwa Likong'o, Lindi. Sikitaji kisa hiki ili kuishtaki kwa lolote hapa nchini. Ninachosema ni kwamba mbia wetu huyu anajua kwa gharama yake mwenyewe mpango wa karatasi unavyofeli: wakaguzi waliona, ila hawakuwa na mkono wa kufunga bomba la fedha. Mkimtaka awape wakaguzi wake mkono huo hapa Tanzania, mnamtaka jambo analolielewa vizuri kuliko sisi.

Na mtambo wa kusindika gesi si mradi wa kufananishwa na kisima kimoja. Kule Nigeria, kwenye kisiwa cha Bonny, makampuni manne ya Marekani, Ufaransa, Italia na Japani yaliungana kuanzia miaka ya 1990 kuwania ujenzi wa mtambo wa aina hiyohiyo, na yakapata kandarasi zenye thamani ya zaidi ya dola bilioni 6. Kwa miaka kumi hivi walilipa takriban dola milioni 180 kupitia mawakala wawili, mmoja wakili wa London, mwingine kampuni ya biashara ya Japani. Wakubwa walikutana kupanga nani apewe nini, na vikao hivyo wakaviita vya utamaduni. KBR, kampuni ya Marekani katika muungano huo, na Halliburton iliyokuwa ikiimiliki, peke yao walitozwa dola milioni 579 mwaka 2009. Fedha hizo ziliingia hazina ya Marekani.

Mtu anaweza kusema hayo ni ya wengine. Basi tukumbuke mkopo wa dola milioni 600 ambao Serikali yetu iliutafuta 2012 na 2013. Ada ya benki zilizousimamia ilikuwa asilimia 1.4, kisha ikapanda hadi 2.4. Asilimia moja iliyoongezwa, yaani dola milioni 6, ililipwa kwa kampuni ya hapa nchini iitwayo EGMA, ambayo miongoni mwa wenye hisa wake alikuwemo kiongozi wa mamlaka yetu ya kodi wa wakati ule. Hapakupatikana ushahidi wa kazi yoyote iliyofanywa. Standard Bank ya London iliutegemea upekuzi wa benki ndugu yake ya Dar es Salaam, na upekuzi wenyewe haukufanyika inavyotakiwa. Waliopiga kengele walikuwa wafanyakazi wa kawaida wa benki hapahapa nchini, waliposhtuka kuona fedha nyingi mno zikitolewa taslimu kwa siku chache. Novemba 2015 mahakama ya London iliidhinisha makubaliano ya benki hiyo chini ya sheria ya Uingereza ya 2010, inayoifanya kampuni iwe na hatia kwa kushindwa tu kuzuia hongo. Tanzania ilirudishiwa zile milioni 6 na riba yake. Kisa hiki nakipenda, niseme wazi, kwa sababu ya wale wafanyakazi.

Sasa nije kwenye ninayoyaomba.

Kwanza ni hizo ankara. Mkandarasi anapoleta kwenu programu ya kazi na bajeti ya mwaka, mtakeni aambatanishe orodha ya kila wakala, mshauri na mtu wa kati anayemlipa kwa jambo lolote linalogusa ofisi ya umma: jina, kazi, kiwango cha malipo, akaunti ya benki na nchi akaunti hiyo ilipo, pamoja na mmiliki manufaa, yaani mwenye kampuni hasa, kama alivyosajiliwa kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni (BRELA). Asiyekuwemo kwenye orodha asirudishiwe gharama. Aliyemo aonyeshe kazi: ripoti, tarehe, watu aliokutana nao. Mshauri akidai asilimia ya thamani ya kandarasi badala ya ujira wa kazi, ikataliwe papo hapo, maana asilimia ni bei ya matokeo, na katika ofisi ya umma mshauri hana matokeo ya kuuza. Sharti hili halihitaji kungoja sheria mpya. Mkandarasi akishajua kwamba gharama fulani hairudi, yeye mwenyewe ataanza kumuuliza mshauri wake maswali ambayo mimi niliacha kuyauliza.

Litazameni pia suala la makandarasi wadogo. Hongo haikai juu. Kampuni yenye jina huogopa, hivyo huisukuma kwa mkandarasi, naye humwachia mkandarasi mdogo, hadi imfikie wakala wa forodha anayeambiwa mzigo utoke bandarini kesho, vyovyote iwavyo. Meli ya kuchoronga hukodiwa kwa mamia ya maelfu ya dola kwa siku. Kibali kikilala wiki moja, meneja anaona fedha ikimwagika baharini. Hapo ndipo msemo wa wahenga, penye udhia penyeza rupia, nimeusikia ukitamkwa ofisini na watu wazima kama ushauri halali. Haki ya kukagua vitabu ifike hadi kwa huyo wa mwisho. Nanyi, kwa upande wenu, tangazeni kila robo mwaka kila kibali kinachopita kwenu kimechukua siku ngapi tangu kuombwa hadi kutolewa. Mwombaji akiona wenzake wote wamesubiri siku ishirini, hakuna atakayeweza kumuuzia haraka.

Jambo linaloniuma kuliko yote ni simu ya kutoa taarifa. Kampuni niliyoitumikia ilikuwa nayo, namba ya Ulaya, imebandikwa karibu na mashine ya kahawa. Ukipiga, unasalimiwa kwa Kiingereza. Sikumbuki Mtanzania hata mmoja aliyeipiga. Dereva wa lori la kokoto aliyeombwa fedha ili jina lake libaki kwenye orodha ya zamu ataipigaje? Mabilioni ya dola yanayotajwa kwa Likong'o, yakija, yatakuja na maelfu ya vibarua, mama lishe, wenye malori na wenye nyumba za kupanga, na wao ndio watakaoiona rushwa wa kwanza, kama walivyoiona wale wa benki. Wekeni sharti kwamba kila mkandarasi awe na namba ya bure ya hapa nchini, inayopokelewa kwa Kiswahili na mtu asiyelipwa na meneja wa mradi, na kwamba mtoa taarifa apewe namba ya kumbukumbu ili aweze kuuliza limefikia wapi. Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi tunayo tangu 2015. Lindi na Mtwara nimewauliza wengi kama wameisikia. Wachache mno wameisikia.

La mwisho ni afisa wa kitengo cha komplayansi mwenyewe. Sharti lisomeke kwamba ajira yake, mshahara wake na kuondolewa kwake viamuliwe na bodi ya makao makuu, wala si na bosi wa nchi; kwamba malipo aliyoyazuia yasitoke bila maandishi ya bodi hiyo; na kwamba maandishi hayo mkaguzi wenu ayaone. Wakati wangu afisa wetu alikaa chumba cha pili kutoka kwa mkurugenzi, na tathmini yake ya kila mwaka iliandikwa na mkurugenzi huyohuyo. Alikuwa mtu mwema. Kwa mpangilio ule, wema wake haukumzuia mtu yeyote.

Makubaliano ya awali ya mradi wa Likong'o yalisainiwa Dodoma Juni 2022, na majadiliano ya mkataba wenyewe yamekuwa marefu. Wengi wamechoka kusubiri, nami ni mmojawapo. Nyumbani ni Mtwara, na ahadi za gesi nimezisikia tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Lakini muda huu una faida yake. Masharti haya yakiwekwa kabla ya saini, mwekezaji atayahesabu kama sehemu ya kazi. Yakiletwa baada ya zege kumwagwa, ataenda nayo kwenye usuluhishi wa kimataifa.

Ndugu Mkurugenzi Mkuu, naomba jibu la jambo moja, na nalihitaji hadharani: katika ukaguzi wa gharama mliokwisha kuufanya, ni malipo mangapi ya ushauri na uwakala mliyakataa, na ya jumla ya kiasi gani? Majina si lazima. Idadi na kiasi vinatosha kwa kuanzia. Kama mtahitaji mtu wa kuwaonyesha wakaguzi wenu vijana ankara ya mistari mitatu inavyofanana, nitakuja kwa nauli yangu.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mhasibu mstaafu,
Mtwara