Bunduki Ghali Hailengi Peke Yake

Katika miji ya Ulaya, hasa Uingereza na Ujerumani, wako watu wengi wa kipato cha kawaida, makarani, walimu, mafundi wa viwandani na wastaafu, ambao burudani yao ya jioni ni kulenga shabaha kwa bunduki ya upepo. Hawawindi, wala hawana nia ya kumtisha mtu. Hulipa ada yao katika chama cha mtaa, husimama mita 10 kutoka kwenye karatasi yenye duara jeusi, na kwa saa moja au mbili baada ya kazi hujitahidi kutuliza pumzi na vidole vyao. Ni burudani ya heshima, na kwa miaka mingi imekuwa ya gharama ndogo. Walakini, mtu akiingia leo katika duka la vifaa hivyo atakuta bunduki ya mamia machache ya pauni imetundikwa jirani na nyingine ya maelfu, na muuzaji atamweleza kwa sauti ya upole kwamba ile ya kwanza ni ya kuanzia tu. Je, karani huyo akikubali kutoa akiba yake ya mwaka mzima, atapata nini ambacho hakuwa nacho?

Swali hili si dogo kama linavyoonekana. Mtu wa mshahara fedha zake zimekwisha kuhesabiwa kabla hajazipokea: kodi ya nyumba, chakula, nguo za watoto, nauli. Kinachobaki kwa ajili ya burudani ni haki yake, na kwa sababu ni kidogo, ndiyo maana yafaa kitumike kwa akili.

Jambo la kwanza ambalo hapana budi liwekwe wazi ni kwamba fedha hizo hazinunui nguvu. Sheria imekwisha kulimaliza suala hilo. Katika England na Wales, bunduki ya upepo ambayo nguvu yake haizidi jouli 16 na ushei yaweza kumilikiwa na mtu mzima bila leseni. Ikizidi hapo, mwenyewe hutakiwa kuwa na kibali cha polisi kama mwenye silaha nyingine za moto. (Uskoti wamekuwa wakali zaidi: tangu siku ya mwisho ya mwaka 2016, hata hizo za nguvu ndogo huhitaji cheti.) Ujerumani kipimo ni jouli 7.5, na bunduki isiyovuka kipimo hicho hupigwa chapa ya herufi F ndani ya pembetano. Kwa hiyo bunduki ya pauni 300 na ile ya pauni 2,000 zimefungwa kwa kamba moja. Risasi ya nusu gramu hutoka katika mtutu wa Kiingereza kwa kasi isiyozidi sana mita 240 kwa sekunde, iwe bunduki ilinunuliwa kwa bei gani. Karatasi haitoboki zaidi kwa sababu mwenye bunduki ni tajiri.

Basi kinachonunuliwa ni utulivu. Bunduki ya kawaida ya upepo hufanya kazi kwa springi. Mlengaji hukunja mtutu au huvuta wenzo, na springi nene hubanwa. Akifyatua, springi huisukuma pistoni mbele kwa ghafla, na hewa iliyo mbele ya pistoni hubanwa na kuitoa risasi. Katika muda huo mfupi, kabla risasi haijatoka, uzito wa pistoni inayokwenda mbele huirudisha bunduki nyuma, kisha pistoni inapogota mwisho bunduki hutikiswa tena kuelekea mbele. Kwa maneno mengine, bunduki hutikisika ilhali risasi ingali ndani yake. Mlengaji anayeikaba leo na kuilegeza kesho ataona risasi zake zikienda mahali tofauti, na yamkini atamlaumu fundi aliyeitengeneza. Mbaazi ukikosa maua husingizia jua.

Mafundi wa Kijerumani walilihangaikia tatizo hilo kwa miaka mingi. Katika mji wa Oberndorf, kando ya mto Neckar, kampuni ya Feinwerkbau ilitoa katika miaka ya 1960 bunduki ambayo mtambo wake wote huteleza juu ya reli ndogo wakati wa kufyatua, hata mtikisiko usilifikie bega la mlengaji. Aina yake iliyoitwa 300S, iliyotoka katika miaka ya 1970, ilipata sifa kubwa katika mashindano. Baadaye springi yenyewe ikaachwa. Bunduki za mashindano za leo hubeba mtungi mdogo wa hewa iliyoshindiliwa hadi bar 200. Mlengaji akifyatua, vali hufunguka na kufunga, risasi ikaenda, na bunduki ikabaki kama haikuguswa. Feinwerkbau hutengeneza bunduki za namna hiyo, na kadhalika Walther na Anschütz za mji wa Ulm. Zile za daraja la juu huuzwa kwa zaidi ya euro 3,000. Ni kazi ya ufundi wa hali ya juu, wala hapana sababu ya kuidharau. Ikifungwa imara mezani, risasi zake tano hutoboa karatasi kana kwamba ni moja.

Lakini bunduki haifungwi mezani. Hushikwa na mtu, naye ana moyo unaopiga, mapafu yanayopanda na kushuka, na mgongo uliokaa ofisini tangu asubuhi. Hapa mwalimu wa hisabati ataliona jambo hili upesi kuliko muuzaji. Makosa mawili yasiyotegemeana hayajumlishwi moja kwa moja. Hujumlishwa miraba yake, kisha hutafutwa kipeo cha pili. Chukua mfano wa mlengaji wa kawaida ambaye mikono yake humpotosha kwa milimita 20. Akitumia bunduki ya wastani ambayo yenyewe hupotoka kwa milimita 4, kosa lake lote litakuwa kipeo cha pili cha 416, yaani milimita 20.4. Mpe bunduki ya kifalme inayopotoka kwa milimita 1 tu, na kosa litakuwa kipeo cha pili cha 401, yaani milimita 20.02. Maelfu ya euro yamenunua chini ya nusu milimita. Sasa mchukue bingwa ambaye mikono yake humpotosha kwa milimita 2 peke yake. Kwa bunduki ya wastani kosa lake ni karibu milimita 4.5, kwa ile ya kifalme ni milimita 2.2. Yeye bunduki imempunguzia kosa kwa nusu. Bunduki ile ile, bei ile ile. Aliyebadilika ni mtu.

Ndiyo maana haifai kuwabeza wanaotumia vifaa ghali katika Michezo ya Olimpiki, ambako mchezo huu uliingizwa mwaka 1984 mjini Los Angeles. Kitovu cha shabaha ya mita 10, chenye thamani ya alama kumi, ni nukta ya nusu milimita. Mwaka 2008 mjini Beijing, Abhinav Bindra aliipatia India medali yake ya kwanza ya dhahabu ya mchezaji mmoja mmoja kwa alama 700.5 dhidi ya 699.7 za Zhu Qinan wa China. Katika risasi 70 walitengana kwa alama 0.8. Mtu anayeshindana katika hali hiyo na akaenda na bunduki ya wastani atakuwa amefanya ujinga. Tatizo huanza pale ambapo karani, ambaye bado risasi zake hutawanyika karatasi nzima, anaposhawishiwa kwamba mahitaji ya Bindra ndiyo mahitaji yake.

Watetezi wa bunduki ghali wanayo hoja moja nzuri, nayo yastahili kujibiwa. Husema kwamba mikono inayoyumba ndiyo hasa inayohitaji bunduki isiyotikisika, kwa kuwa bunduki ya springi huyakuza makosa ya ushikaji. Ni kweli, hesabu iliyotolewa hapo juu inaipendelea kidogo bunduki ya springi, maana huichukulia kana kwamba haijali inavyoshikwa. Anayeanza atapata alama nyingi zaidi upesi kwa bunduki ya mtungi. Lakini alama si sawa na ujuzi. Aliyejifunza kushika springi kwa namna moja kila mara, na kuendelea kulenga hata baada ya kufyatua, ataichukua bunduki yoyote akaitumia vizuri. Aliyeanzia kwenye bunduki inayomfichia makosa huyagundua siku ya mashindano.

Iko pia faida nyingine ya bei kubwa ambayo wauzaji huitaja kwa nadra, pengine kwa sababu haing'ai dirishani. Bunduki ya mashindano yaweza kurekebishwa ilingane na mwili: kitako hurefushwa au kufupishwa, mahali pa kuegemeza shavu hupandishwa au kushushwa. Kwa mtu mfupi, kwa mwanamke aliyepewa bunduki iliyochongwa kwa kipimo cha mwanamume mrefu, au kwa kijana, hiyo si anasa hata kidogo. Bunduki isiyomkaa mtu humfundisha kusimama vibaya, na kusimama vibaya hakuponywi kwa mazoezi.

Vilevile isieleweke kwamba iliyo nafuu kuliko zote ndiyo ya busara. Ziko bunduki za bei ya kutupa ambazo kifyatuo chake huvutwa kama kamba ya kisima na mtutu wake haukunyooka sawasawa. Hizo ni hasara, kwani anayeanza hawezi kujua kama kosa ni lake au ni la chuma. Karani mwenye busara ataanzia daraja la kati, ambako kiwanda kama cha Weihrauch cha Mellrichstadt, ambacho zamani kilitengeneza hata baiskeli, huuza kwa mamia machache ya pauni bunduki za springi zenye kifyatuo kizuri na zinazodumu kwa miongo. Ama atafute 300S iliyotumika. Bunduki hiyo iliyokuwa ya mabingwa wa miaka ya 1970 bado huuzwa mkononi, na kwa kawaida dawa ya uzee wake ni kubadilishiwa pete za pistoni na springi.

Mnunuzi wa bunduki ya mtungi naye hagharimii bunduki pekee. Atahitaji pampu ya mkono itakayomtoa jasho, au mtungi mkubwa kama wa wapiga mbizi ambao lazima ukaguliwe kila baada ya miaka kadhaa. Akiingia mashindanoni ataona wenzake wamevaa makoti na suruali ngumu za kuukaza mwili, naye atazitaka. Tofauti ya pauni 300 iliyosemwa dukani hugeuka kuwa 1,000 kabla mwaka haujaisha. Pauni 1,000, kama kopo la risasi nzuri 500 likikadiriwa kuwa pauni 15, ni makopo 66, yaani risasi 33,000. Mtu anayefyatua risasi 100 kila wiki zingemchukua zaidi ya miaka sita kuzimaliza. Mlengaji aliyefanya hivyo kwa uangalifu, akiandika matokeo yake daftarini, angekuwa mtu mwingine kabisa. Na hata katika risasi hizo pana la kujifunza: mtutu mmoja hupenda aina hii na kuikataa ile, na kubadilisha kopo huweza kuleta nafuu kubwa kuliko kubadilisha darubini.

Wapo wanaocheza mchezo wa nje, ule ulioenea Uingereza katika miaka ya 1980, ambapo vibao vya chuma vyenye sura za wanyama hutegwa vichakani hadi umbali wa karibu mita 50, na risasi hutakiwa kupita katika tundu la milimita 40 au chini yake. Huko darubini nzuri ya kukadiria umbali ina maana, na bunduki ya mtungi husaidia. Lakini hata huko upepo ndio bwana mkubwa, na hakuna kiwanda kinachouza ujuzi wa kusoma majani yanavyotikisika.

Jambo linalosikitisha katika mjadala huu ni kwamba hufanywa kana kwamba kila mlengaji yuko peke yake na pochi yake. Historia ya mchezo wenyewe haikuwa hivyo. Shirikisho la vyama vya walenga shabaha la Ujerumani liliundwa mjini Gotha mwaka 1861, na leo lina wanachama zaidi ya milioni moja. Katika vyama vyake vingi, hata vya vijijini, mgeni huazimwa bunduki ya chama, na watoto wa miaka 12 hujifunza chini ya msimamizi kwa idhini ya wazazi wao, bila baba kununua chochote. Uingereza nako, mwanzoni mwa karne ya 20, wafanyakazi wa Birmingham na miji ya jirani walishindana katika vilabu vya pombe kwa kulenga tundu lenye upana wa chini ya sentimita moja, ambalo nyuma yake palikuwa na kengele. Risasi ikipita, kengele hulia, na watu wote wakajua.

Kwa hiyo, ikiwa ni lazima bunduki ya euro 3,000 inunuliwe, mnunuzi anayefaa ni chama. Kamati inayokutana kugawa mapato ya mwaka ingefanya vema kununua moja inayoweza kurekebishwa kwa mfupi na mrefu, ikatundikwa kabatini chini ya kufuli, na ikatumiwa kwa zamu na wanachama kumi kwa miaka kumi na tano. Hesabu yake ni euro 20 kwa mtu kwa mwaka, mbali na hewa na matengenezo. Fedha hizo hazitoshi kununua hata makopo mawili ya risasi nzuri.