Matibabu ya mzee ni bure, njia ya hospitali si bure

Kila tukigusa matibabu ya wazee hewani, swali ni lile lile: kama ni bure, mbona familia bado inauza mbuzi mzee akilazwa?

Tuanze na utaratibu. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa ni mtu wa miaka 60 na kuendelea. Mzee asiyejiweza husamehewa gharama katika vituo vya serikali, baada ya kutambuliwa kupitia serikali ya kijiji na ustawi wa jamii. Msamaha huo unafuta malipo ya kumwona daktari na kupimwa. Nauli haufuti.

Tufanye hesabu ya mfano. Pikipiki hadi hospitali ya wilaya ni shilingi 15,000 kwenda na 15,000 kurudi. Mzee akilazwa siku tano, chakula chake na cha anayemuuguza kwa shilingi 5,000 kwa siku ni 25,000. Tayari ni 55,000, na kama dawa imekosekana dirishani hujafika duka la dawa. Na huyo anayeuguza kaacha shamba wakati wa palizi.

Kwa hiyo nafuu kubwa kwa familia ni mzee asifike hatua ya kulazwa. Hapo ndipo wengi tunateleza, kwa sababu shinikizo la juu la damu haliumi. Mzee anapewa vidonge, baada ya wiki tatu anajisikia vizuri, anaviacha. Mwili uko kimya, lakini mishipa inaendelea kuumia. Siku moja anaamka upande mmoja hauna nguvu: kiharusi. Kisukari nacho hupunguza hisia miguuni. Mzee anakanyaga mwiba, hasikii, na kidonda kinagunduliwa kimeshaoza. Magonjwa haya yangeweza kufuatiliwa kwa kupima, kumeza dawa kila siku, kupunguza chumvi na kukagua miguu. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, karibu kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyomo ndani ya vyakula.

Lakini nani atamfuatilia mzee anayeishi na wajukuu wadogo? Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Lengo ni wahudumu 137,294 katika miaka mitano, wawili kwa kila kitongoji na mtaa, mwanamke na mwanaume, wakipewa mafunzo ya miezi sita. Kazi yao ni kutembelea kaya, kutoa elimu na kuwaelekeza wagonjwa kituoni. Mpango unakwenda kwa awamu, kwa hiyo muulize mwenyekiti wa kitongoji chako kama wenu wameshapatikana.

Hata hivyo, mhudumu akimshauri mzee arudi kuchukua dawa, na zahanati haina dawa, safari ya hospitali iko pale pale. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 nayo itapimwa hapo hapo. Kadi inalipia dawa iliyopo. Isiyokuwepo, mzee ataipanda pikipiki kuifuata.

Hapa mwananchi ana nafasi. Tangu mwaka wa fedha 2017/18, fedha za mfuko wa pamoja wa afya huingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo, na zahanati ina kamati yenye wawakilishi wa wananchi. Mkutano mkuu wa kijiji hukaa kila baada ya miezi mitatu. Uliza mambo matatu: Kipimo cha shinikizo kinafanya kazi? Dawa za shinikizo na kisukari zinazoruhusiwa ngazi ya zahanati zipo? Zikiisha, zinaagizwa lini? Maswali hayo yakiandikwa kwenye muhtasari, mkutano ujao yatadai majibu.

Tahadhari moja. Kupunguza safari za hospitali hakumaanishi kumficha mzee nyumbani kwa kusema "ni uzee tu, ameshakula chumvi nyingi." Mdomo ukipinda, mkono ukikosa nguvu, maneno yakivurugika, kifua kikibana au akichanganyikiwa ghafla, usisubiri kukuche. Mpeleke wakati huo huo.

Siku za kawaida, fanya haya: mpime kwa tarehe alizopangiwa, weka dawa zake zote kwenye mfuko mmoja na ubebe mfuko huo kila akienda kituoni, ili asiandikiwe dawa ile ile mara mbili. Jioni akioga, mwangalie nyayo. Na vidonge vikibaki vya wiki moja, anza kufuatilia vingine. Usingoje viishe.