SANAMU ISIYO NA MAJINA



Kuna watu wasemao ya kwamba mchongaji wa sanamu na mchora ramani za majengo hawana lawama, kwani hufanya waliyoagizwa na mwenye fedha. Sisi hatukubali. Fundi wa reli akifunga reli vibaya na gari la moshi likaanguka, hataachiliwa kwa kusema aliamrishwa. Na fundi wa sanamu vile vile ana deni kwa watu anaowachonga.

Mfano uko hapa kwetu. Mwaka 1915 Waingereza walianza kujenga reli kutoka Voi, kupita Maktau, kwenda Taveta, ili wapigane na Wajerumani. Tarehe 12 Februari 1916 palipiganwa vita vikali katika kilima cha Salaita. Ni nani waliochukua risasi na unga katika vita vile vya Afrika Mashariki? Ni wapagazi wa Carrier Corps, ambao kwa ajili yao twasema mpaka leo Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam. Walikufa kwa maelfu, na wengi waliuawa na maradhi na njaa kuliko risasi.

Mwaka 1917 Waingereza waliunda Tume ya Makaburi ya Vita. Kanuni yake ilikuwa njema: kila aliyekufa akumbukwe kwa jina lake, bila kubagua cheo, rangi wala dini. Wachora ramani wakubwa, kama Edwin Lutyens na Herbert Baker, waliifuata huko Ufaransa, hata jenerali na askari mdogo wakapata jiwe la namna moja.

Lakini kanuni hiyo haikumfikia mpagazi. Nenda katika makaburi ya vita ya Voi au Taveta, utaona mawe safi yenye majina ya askari waliotoka ng'ambo. Makaburi ya wapagazi yaliachwa yakamezwa na pori. Badala ya majina walipewa sanamu. James Alexander Stevenson alichonga zile za Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam, na Rudyard Kipling akatunga maneno yake. Ile ya Nairobi ina watu watatu, na mmoja wao ni mpagazi. Sura yake ilichukuliwa, jina lake likaachwa.

Wengine watajibu ya kwamba wapagazi walikuwa wengi mno na daftari zilipotea. Lakini walipoandikishwa kazi majina yao yaliandikwa, ili mshahara uhesabiwe. Na sanamu hizo zilisimamishwa katika miaka ya 1920, wakati wajane na wenzao wangali hai. Aliyetaka kuuliza angaliuliza.

Mwaka 2021 Tume yenyewe ilikiri na kuomba radhi. Ilisema watu kati ya 45,000 na 54,000, wengi wao Waafrika na Wahindi, walikumbukwa kwa namna isiyo sawa na wengine. Tena wengine wasiopungua 116,000, labda hata 350,000, hawakutajwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Radhi hiyo ilichukua miaka mia.

Hatusemi sanamu zivunjwe. Zimechongwa vizuri, na Stevenson hakuwa peke yake katika kosa hilo. Twasema hivi: ninyi mnaochonga, mnaopaka rangi vibao, mnaojenga kwa mawe na mnaochora ramani, mkipewa kazi ya ukumbusho, ulizeni kwanza majina yako wapi. Mkiambiwa hayana haja, semeni ya kwamba kazi haijakamilika. Mkifanya hivyo pamoja, hakuna atakayefukuzwa peke yake.

Na ninyi wazee wa Taita na Taveta, ambao babu zenu walikwenda wasirudi, tajeni majina yao yaandikwe sasa. Mfanya kazi asiyetajwa ni rahisi kunyimwa haki yake, akiwa hai na akiwa amekufa.

Umoja ni nguvu.