Macho Yanayowalinda Mwewe wa Messina

Kila mwaka, Aprili inapokaribia kwisha na Mei inapoanza, watu wa kujitolea hupanda milima iliyo juu ya mji wa Messina, kisiwani Sicily, wakiwa na darubini, kofia, maji ya kunywa na daftari. Kazi yao ni kuhesabu mwewe, tai na kozi wanaorudi Ulaya kutoka Afrika. Hawalipwi. Hushinda juani kutwa nzima, shingo zimeelekea juu, kwa ajili ya ndege wanaopita tu na kwenda zao.

Ndege hao wana sababu ya kupita hapo. Ndege mbuai mkubwa hawezi kusafiri maelfu ya kilomita kwa kupiga mabawa, nguvu zingemwishia njiani. Hupandishwa na hewa ya moto inayoinuka kutoka nchi kavu, kisha huteleza, mabawa yametandazwa, hadi akutane na hewa nyingine inayopanda. Baharini hewa hiyo ni adimu, kwa hiyo hutafuta mahali penye maji membamba. Mlangobahari wa Messina, pale unapobana zaidi, una upana wa kilomita 3 hivi.

Wawindaji wa Sicily na wa Calabria, ng'ambo ya mlangobahari huo, waliijua njia hiyo tangu zamani. Walijenga vibanda vya zege mlimani wakajificha humo na bunduki, wakimsubiri hasa mwewe anayekula mabuu ya nyigu. Kulikuwa na imani kwamba mwanamume asiyemwangusha hata mmoja katika msimu, mkewe atatoka nje ya ndoa. Sheria ya Italia iliwalinda ndege wote mbuai kuanzia 1977, lakini mlimani sheria hiyo ilikuwa karatasi tu. Mwaka 1981 msichana wa miaka 15, Anna Giordano, alishuhudia mauaji hayo na akakataa kunyamaza. Miaka michache baadaye kukawa na kambi ya kuwalinda na kuwahesabu ndege hao. Mwaka 1986 gari la Giordano lilichomwa moto. Hakuondoka. Vijana kutoka nchi mbalimbali za Ulaya wakaungana naye, askari wa misitu wakaanza kuitikia simu zao, na mwaka 1998 akatunukiwa Tuzo ya Mazingira ya Goldman. Ujangili haujaisha, lakini umepungua mno, na mwewe wanaohesabiwa hapo katika msimu mzuri ni makumi ya maelfu.

Wapo wanaosema kuhesabu ndege ni burudani ya watu wenye nafasi, na kwamba fedha na nguvu zielekezwe kwa askari wa wanyamapori. Messina inawajibu vizuri. Aliyekaa mlimani na darubini akiandika idadi ya mwewe ndiye huyo huyo aliyeandika mlio wa risasi, saa yake na upande ulikotokea, kisha akapiga simu. Askari hawezi kuwa juu ya kila kilima, na jangili hapendi kufyatua risasi mbele ya watu. Kuhesabu na kulinda vilikuwa kazi moja.

Kazi yenyewe inahitaji ufundi. Mwewe mia mbili wanapozunguka pamoja ndani ya hewa inayopanda, hakuna jicho linaloweza kuwahesabu, kwani wa juu anashuka nyuma ya wa chini na wote wanapishana. Mzoefu hutulia. Husubiri wafike juu kabisa ya hewa hiyo na kuanza kuchomoka mmoja mmoja kwa mstari, wakiteleza kuelekea ng'ambo. Hapo ndipo kidole gumba kinapobonyeza kihesabio. Huangalia pia rangi ya kichwa, umbo la mkia na umri. Rada huonyesha kundi, lakini haimtambui kinda wala mzee.

Suala la umri limewahi kuifumbua macho nchi nzima. Katika mlima wa Hawk Mountain, Pennsylvania, Marekani, ambao Rosalie Edge aliugeuza kuwa hifadhi mwaka 1934, tai wenye vichwa vyeupe walihesabiwa kila vuli. Kati ya 1935 na 1939, asilimia 40 ya tai hao walikuwa wachanga. Kati ya 1955 na 1959 walibaki asilimia 20. Mwandishi Rachel Carson alizitumia takwimu hizo katika kitabu chake cha 1962 kuhusu madhara ya viuatilifu, na mwaka 1972 Marekani ikapiga marufuku matumizi ya kiuatilifu cha DDT mashambani. Bila daftari la mlimani, nani angejua kwamba tai walikuwa wakizeeka bila watoto?

Afrika Mashariki ina deni katika jambo hili, kwa sababu safari nyingi za machipuko huanzia huku. Tai wa nyika za Asia hushinda Serengeti na Tsavo wakila kumbikumbi mvua zinaponyesha, kisha masika yanapokaribia huondoka kuelekea kaskazini. Mwaka 1985 waliohesabiwa Eilat, kusini mwa Israeli, walizidi 75,000. Hesabu za miaka ya baadaye zilishuka sana, na mwaka 2015 ndege huyo aliwekwa rasmi katika orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka. Watafiti waliolinganisha hesabu za barabarani za Kenya za miaka ya 1970 na za karne hii nao wamekuta ndege mbuai wengi wamepungua vibaya, hasa nje ya hifadhi. Sumu inayotegwa kwenye mizoga na nyaya za umeme ni miongoni mwa wauaji wao.

Kenya tayari ina watu wa kujitolea wanaohesabu ndege wa majini kila Januari katika maziwa ya Bonde la Ufa. Inafaa kazi hiyo iongezewe wiki chache za Machi na Aprili kwenye kingo za bonde hilo, upande wa Kenya na wa Tanzania, macho yakielekezwa juu badala ya majini. Vilabu vya wanyamapori vya Kenya vipo tangu 1968, na Tanzania ina vilabu vya Malihai. Wanafunzi wao wangeweza kufundishwa kumtofautisha tai na mwewe kabla msimu haujaanza. Darubini chache zitatosha kila kituo, mradi mahali pawe palepale na saa ziwe zilezile kila mwaka, na matokeo yapelekwe Makumbusho ya Taifa Nairobi na taasisi ya utafiti wa wanyamapori, TAWIRI, jijini Arusha.